Rili Nyepesi au Rili ya Baharini? Soma Hapa Kabla Hujatoa Pesa

Ndugu msomaji, mvuvi, mkulima unayeshuka pwani jioni ukitoka shamba, na wewe mwenye duka la zana pale senta: wiki hii mihogo na korosho tunaziweka pembeni kidogo. Maswali ya rili yamekuwa mengi na siwezi kuendelea kuyajibu kwa simu moja moja. Vijana wengi wa pwani yetu, kuanzia Moa hadi Msimbati, sasa wanavua kwa fimbo na rili kwenye gati, kwenye miamba, wengine ndani ya ngalawa. Na swali ni lile lile: "Afisa, nichukue hii ndogo nyepesi ya bei poa, au nijikaze nipate ya baharini?"

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka asichoke. Kama unavua maji chumvi na samaki unauza, usinunue rili nyepesi ya maji baridi. Kama pesa ya rili ya baharini huna, baki na mshipi wako wa mkono mpaka uipate. Ile njia ya katikati, ya kununua ya bei ndogo "nianzie hapa kwanza", ndiyo inayokula pesa za watu wetu kila msimu. Najua wapo watakaoninunia, hasa wenye maduka. Nisomeni hadi mwisho, nina neno lenu pia.

Tuelewane kwanza ni rili ipi. Nazungumzia ile inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi unachomoka wenyewe kwenye ukingo wa bobini, na ukizungusha mkono, upinde wa waya unazunguka na kuurudisha. Wazo lenyewe lilitoka kwenye viwanda vya nyuzi: Mwingereza mmoja wa viwanda vya sufu, Alfred Illingworth, ndiye aliyepata hataza ya rili ya namna hii mwaka 1905. Fundi cherehani wa kijijini kwako akiitazama dakika mbili ataielewa kuliko mimi.

Ndani kuna gia, mhimili, beringi na breki. Kati ya vyote hivyo, breki ndiyo roho ya rili. Samaki akivuta kupita kiasi ulichopanga, breki inaachia mshipi taratibu badala ya kuuacha ukatike. Mtu anayenunua rili kwa kutazama rangi na kung'aa, bila kuuliza breki yake, ananunua pambo.

Rili nyepesi nyingi zinazouzwa kwetu zimetengenezwa kwa ajili ya maji baridi. Bodi ni plastiki ngumu, gia mara nyingi ni za zinki, washa za breki ni za felti, na breki yote ikikazwa haizidi kilo 3 hadi 5 hivi. Siyo mbaya. Kwa sato na perege wa Nyumba ya Mungu au Mtera, kwa kambale wa bwawa lako la shambani, kwa anayevua ukingoni mwa Ziwa Victoria bila kutafuta sangara mkubwa, hiyo ndiyo rili. Ni nyepesi mkononi, inarusha chambo kidogo mbali, na bei yake inaeleweka. Ndugu zangu wa bara mnaonisoma, msitishwe na makala hii mkaenda kununua rili ya kuvulia jodari ili mvue perege.

Rili ya baharini imejengwa kwa mawazo mengine. Bodi ni ya alumini iliyopakwa vizuri au plastiki nzito isiyopinda, gia ni za shaba au chuma kigumu, washa za breki ni za kaboni, na sehemu nyeti zimefungwa kwa sili za mpira kama zile za mashine ya boti. Breki yake inaweza kufika kilo 8, 10, hata 15. Ni nzito, na ukirusha siku nzima bega litakwambia.

Lakini uzito siyo tofauti kubwa. Tofauti kubwa ni chumvi.

Maji ya bahari yakiingia kwenye rili, maji yanakauka na chumvi inabaki. Chumvi ile inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata rili ikining'inia ukutani wiki nzima, ndani bado kuna umajimaji unaofanya kazi yake. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wa mashine za boti wanalijua vizuri: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji chumvi zinafanya kama betri, na moja inaliwa. Ndiyo maana mashine ya boti imefungiwa kipande cha zinki, ili kiliwe chenyewe badala ya mashine. Rili haina kipande hicho. Beringi ya chuma ikikaa ndani ya bodi ya alumini bila sili wala grisi, baada ya muda unaona unga mweupe umeota pembeni. Ukiuona huo, bodi imeshaanza kuliwa.

Kuharibika kwenyewe kuna mpangilio, na ukiujua utaikamata rili kabla haijafa. Mara nyingi kinachoanza kukwama ni kile kigurudumu kidogo kwenye upinde wa waya, kinachopitisha mshipi. Kikishakwama, mshipi hauviringiki tena, unasuguana, unaota manyoya na kukatika pasipo sababu unayoiona. Watu wanalaumu mshipi, wananunua mwingine, nao unakatika. Kisha springi ya upinde inalegea. Kisha, taratibu, breki inaanza kushika vibaya: inaachia kwa kuruka ruka au haiachii kabisa. Siku hiyo nguru akila, unampoteza nguru, mshipi, ndoana na waya kwa pamoja, na ndani ya ngalawa kila mtu anakutazama wewe.

Tupige hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, wewe weka za duka la kwenu. Chukulia rili nyepesi ni shilingi 45,000 na ya baharini ya wastani ni 180,000. Mtu anasema, kwa bei ya moja ya baharini napata nne nyepesi. Kweli kabisa. Lakini kama kila nyepesi moja inakufa ndani ya miezi mitatu ya kuvua kila siku, nne zimekwisha kwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili unaanza mikono mitupu. Ya baharini ikioshwa na kupakwa grisi inavuka miaka kadhaa. Na hapo sijahesabu samaki waliokatika.

Tena hesabu hiyo ni ya mwenye pesa mkononi. Wengi wenu hamnunui kwa pesa mkononi. Mnachukua kwa tajiri, na sharti linajulikana: samaki wote utamuuzia yeye, kwa bei yake. Chukulia anakukata shilingi 500 kwa kilo, na wewe unatoa kilo 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hiyo ni 4,000 kwa siku, 20,000 kwa wiki. Kwa wiki 10 umeshalipa 200,000 kwa rili ya 45,000, na deni lenyewe bado limeandikwa kwenye daftari kwa sababu ile 500 siyo malipo ya deni, ni "makubaliano". Rili ikifa wiki ya kumi, unakwenda kuchukua nyingine kwa huyo huyo. Sisemi matajiri wote ni wabaya. Wapo wanaobeba wavuvi wao kipindi cha kusi wakati bahari haiingiliki, na hilo nalo lina thamani. Nasema usijifunge kamba kwa kifaa kisichoweza kuimaliza hata miezi ya deni lake.

Jambo hili linanigusa kikazi pia. Kikundi kimoja cha vijana katika eneo langu kimeniletea andiko la mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ambao wanawake na vijana wanapata nne nne na watu wenye ulemavu mbili. Andiko limeandikwa vizuri, lina mhuri, lina picha. Ndani yake wanataka rili nyepesi kumi na mbili na fimbo zake, wavue kwenye miamba na kuuza hotelini. Nimewaambia siwezi kuweka maoni mazuri ya kitaalamu kwenye orodha hiyo. Mkopo wa kikundi mnaulipa wote. Wa kwanza kuharibikiwa na rili anawaachia wenzake mzigo, na kwa zana zile wataharibikiwa karibu wote kwa pamoja. Nikawapendekezea mishipi ya mkono kwa kila mmoja, rili mbili tu za baharini za kukokotea chambo nyuma ya ngalawa, na pesa iliyobaki iende kwenye masanduku ya barafu, kwa sababu hoteli inanunua ubichi wa samaki, haiulizi alivuliwa kwa kifaa gani. Wamekasirika kidogo. Mmoja ameniuliza kama nataka vijana wavue kizee. Mpaka naandika hapa hawajakubaliana wenyewe kwa wenyewe, na uamuzi ni wao.

Hilo neno "kizee" naomba nilijibu mbele ya wote.

Mshipi wa mkono siyo umaskini. Kwa chewa na changu wa miambani, wanaokaa chini, mshipi mnene mkononi unaishinda rili nyepesi waziwazi. Chewa akila, ana sekunde chache tu za kurudi pangoni. Anayevua kwa mkono anamvuta papo hapo kwa nguvu zake zote. Mwenye rili nyepesi anasikiliza breki yake ikilia huku chewa anaingia shimoni na kujipachika. Mkono pia unasikia: unajua huyu anadonoa, huyu ameshika, hili ni jiwe. Na kibao chako cha mbao hakina beringi wala springi ya kushika kutu. Kule Brisbane, Australia, kiwanda cha Alvey kilichoanzishwa mwaka 1920 kilijipatia jina kwa rili kubwa za ufukweni zisizo na gia ndani, karibu kama gurudumu lenye mkono, na wavuvi wa mawimbi walizipenda kwa sababu hiyo hiyo: mchanga na chumvi havina pa kujificha. Usahili baharini ni ubora.

Rili inaushinda mshipi wa mkono pale unapohitaji umbali na pale samaki anapokimbia mbali. Kurusha kutoka gatini au mwambani kupita mawimbi, mkono haufiki. Kolekole, nguru, mzia, sehewa, hawa wanakimbia, na mshipi ukipita kwa kasi kwenye kiganja unakata nyama. Hapo rili nzuri inakulipa. Lakini hao hao ndio wanaoifichua rili nyepesi. Kolekole mkubwa akianza safari, bodi ya plastiki inajikunja, gia zinaachana meno, na kazi imekwisha.

Je, hakuna kabisa nafasi ya rili nyepesi baharini? Ipo. Kuvua ngisi usiku gatini, kuvua kibua na samaki wadogo ndani ya hori, hapo wepesi unasaidia na breki kubwa haina kazi. Ila tafuta nyepesi iliyotengenezwa kwa maji chumvi. Zipo rili ndogo zenye sili na zipo rili kubwa zisizo na kinga yoyote. Usidanganywe na ukubwa.

Namba pia zinawachanganya watu. Ile 1000, 2500, 4000, 6000 iliyoandikwa ubavuni ni ukubwa wa rili, siyo nguvu yake, na kila kiwanda kina vipimo vyake kidogo. Kwa anayerusha kutoka mwambani na kuvua ndani ya ngalawa, mimi naona 4000 hadi 6000 inatosha. Soma kwenye bobini: imeandikwa unene wa mshipi na mita zinazoingia, mfano 0.35 kwa mita 150. Kama mita hazifiki 150 kwa mshipi unaoutumia wewe, iache, itakuishia samaki akiwa bado anakwenda. Mshipi wa kusuka ni mwembamba na unaingia mwingi zaidi, lakini ukigusa tumbawe unakatika upesi kuliko nailoni, na ukiufunga moja kwa moja kwenye bobini unateleza wote. Tanguliza nailoni kidogo chini, na mwishoni weka nailoni nene au waya.

Ukifika dukani usione haya kuipima. Chomoa bobini utazame washa za breki; kama muuzaji hajui zilipo, hilo nalo ni jibu. Zungusha mkono polepole, siyo haraka, kwa sababu haraka inaficha mikwaruzo. Shika bodi kwa mkono mmoja na mguu wa rili kwa mwingine, jaribu kuvikunja. Ikitoa mlio au ikipinda, itapinda zaidi ikiwa na samaki. Usivutiwe na idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi. Beringi kumi za hovyo ni sehemu kumi za kutu. Nne nzuri zenye kinga ni bora. Na ile habari ya kupima stenlesi kwa sumaku haikupi jibu, maana stenlesi inayotumika kwenye beringi nyingi inashikwa na sumaku vilevile.

Sasa wewe mwenye duka. Najua kwa nini rili nyepesi zimejaa rafu yako: zinatoka upesi na mtaji wake ni mdogo. Lakini mteja wa kijijini siyo mpita njia. Atarudi, na atarudi na rili iliyoganda mkononi, na watu watasikia. Ningekuwa mimi ningeweka chache za maji baridi, nikamwambia mteja waziwazi kuwa hizi ni za bwawani, kisha nikaweka mbili tatu za baharini za aina moja, siyo aina tano. Aina moja inakuwezesha kuweka vipuri: springi za upinde, mikono, vigurudumu vya mshipi, grisi. Pwani yetu rili nyingi zinatupwa kwa kukosa springi ndogo kama ya kalamu. Ukiwa ndiye pekee mwenye springi hiyo, wavuvi wa vijiji vitatu watakuwa wako. Na ukiuza kwa mkopo, pokea malipo kidogo kidogo ya pesa taslimu yenye mwisho unaojulikana. Ile ya kukata kwenye kilo bila mwisho inamfukuza mvuvi aende kuuza usiku kwa mwingine, na wewe unakosa vyote.

Kwa aliyeshanunua, iwe ipi, matunzo ni haya. Beba chupa ya maji baridi baharini. Ukimaliza, kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye washa, kisha mwagia rili taratibu kwa maji ya kawaida, kama unavyomwogesha mtoto kichwa. Usiitumbukize kwenye ndoo na usiipige maji ya presha. Presha inaisukuma chumvi ndani zaidi. Futa kwa kitambaa, iache kivulini, halafu legeza breki kabisa mpaka siku ya kuvua. Breki iliyokaa imekazwa wiki nzima inagandamana. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kigurudumu cha mshipi na kwenye mkono linatosha. Gia zinataka grisi. Mafuta ya kupikia usiyaguse hata kwa dharura, yanaganda kama gundi. Na washa za breki usizipake mafuta ya mashine, zitateleza zisishike kitu. Ukiwa unavua, samaki akivuta mshipi na breki inaachia, acha kuzungusha mkono. Kuzungusha wakati breki inaachia kunausokota mshipi mpaka unajifunga mafundo.

Rili haikuondolei wajibu wa leseni. Na kama upo ndani ya hifadhi ya bahari, kama Mafia ambako hifadhi ipo tangu mwaka 1995, uliza kwanza BMU yako au ofisi ya hifadhi wapi panaruhusiwa kuvua, kabla hujarusha.

La mwisho ni kupanga breki, na hili karibu kila mtu analifanya kwa kukisia kwa mkono. Mnunuzi wa samaki kijijini ana ile mizani ya springi ya kuning'iniza. Iazime dakika tano. Funga mwisho wa mshipi kwenye ndoano ya mizani, mwenzako ashike mizani, wewe shika fimbo ikiwa imeinama kama yenye samaki, arudi nyuma taratibu. Tazama inasoma kilo ngapi breki inapoanza kuachia. Mshipi wa kilo 10 unataka breki ya kilo 2.5 hadi 3, basi. Robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kama mizani inaruka ruka badala ya kutulia sehemu moja, washa zimechafuka au zimekwisha, zifungue uzitazame kabla ya kushuka pwani.